Bima ya umma ilivyopunguza pengo la saratani kati ya weusi na wazungu Marekani

MWANAMKE mweusi wa Marekani hapatwi na saratani ya matiti kwa wingi kumshinda Mzungu. Kwa hakika, huipata kwa kiwango cha chini kidogo. Ajabu ni kwamba kiwango cha vifo kutokana na ugonjwa huo miongoni mwa wanawake weusi kinazidi cha wazungu kwa takriban asilimia 40.

Maumbile yana sehemu yake. Aina moja kali ya uvimbe huo, isiyosikia dawa za homoni, huwapata wanawake weusi takriban mara mbili zaidi. Hata hivyo, hoja hiyo hutajwa upesi mno na wasiotaka kuzungumzia pesa. Saratani ikigunduliwa mapema, aghalabu hutibika. Ikishaenea hadi kwenye ini au mapafu, huwa kazi ngumu. Asiye na bima huhofia gharama, akangoja hadi maumivu yamzidi. Na uwezekano wa Mmarekani mweusi kukosa bima ni mkubwa kuliko wa Mzungu.

Jimbo dogo la Delaware lilionyesha kinachowezekana. Mwaka wa 2002 lilianza kuwalipia wasio na bima kipimo cha saratani ya utumbo mpana, ambapo daktari hupitisha kamera ndogo ndani ya utumbo na kuondoa vinyama kabla havijageuka kuwa saratani. Mwaka wa 2004 jimbo hilo likaanza kugharamia pia matibabu kwa waliopatikana na saratani bila ya bima. Isitoshe, wauguzi waliajiriwa kuwatafuta watu, kuwaeleza kipimo hicho na kuhakikisha kwamba hawakikosi.

Kufikia mwaka wa 2009, weusi waliokuwa wamepimwa walipanda kutoka asilimia 48 hadi 74, sawa na wazungu. Waliogunduliwa ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea walipungua kutoka asilimia 79 hadi 40. Vifo vyao vilishuka kwa asilimia 42, vikakaribia kulingana na vya wazungu. Maumbile ya watu hayabadiliki kwa miaka saba.

Kitaifa, bima ya umma ya maskini, Medicaid, ilianzishwa mwaka wa 1965 chini ya Rais Lyndon Johnson. Lakini katika majimbo mengi, mtu mzima asiye na watoto hakustahili kuipata hata awe fukara kiasi gani. Sheria iliyotiwa saini mwaka wa 2010 na Rais Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mkenya, ilinuia kuwafungulia mlango watu hao kuanzia Januari 2014. Mwaka wa 2012 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kila jimbo lijichagulie.

Majimbo 40 hatimaye yalikubali. Utafiti uliotangazwa mwaka wa 2019 ulichunguza wagonjwa wa saratani iliyokomaa na kuhesabu waliotibiwa katika muda wa siku 30. Kabla ya upanuzi huo, weusi walikuwa nyuma ya wazungu kwa karibu pointi 5 za asilimia. Baadaye pengo likapungua hadi chini ya pointi moja, bila ya wazungu kupoteza chochote.

Majimbo 10 yaliyosalia ni pamoja na Texas, Florida, Georgia, Alabama na Mississippi, yote ya kusini, eneo ambako zaidi ya nusu ya Wamarekani weusi huishi.

Sheria nyingine iliyotiwa saini Julai 2025 inawataka wengi wa walioingizwa na upanuzi huo kuthibitisha, kufikia mwanzo wa mwaka wa 2027, kwamba hufanya kazi, husoma au hujitolea saa 80 kila mwezi. Wagonjwa mahututi wamesamehewa sharti hilo. Lakini mwenye saratani ambayo bado haijagunduliwa hahesabiwi kuwa mgonjwa, na ili igunduliwe, sharti kwanza apimwe.