Je, Wajua? Sarafu ya Kihindi Inayotaja Jina la Baba

Sarafu ya fedha ya Wakshatrapa wa Magharibi ina uzito wa gramu 2 hivi na upana wa kama milimita 15. Udogo huo usikudanganye. Inataja jina la mfalme na cheo chake, jina la baba yake na cheo cha huyo baba, na mara nyingi mwaka ilipogongwa. Katika India ya kale, sarafu zinazosema mengi kiasi hicho ni chache mno.

Watawala hawa, Wasaka waliotokea Asia ya Kati, walishika Gujarat, Malwa na sehemu za Maharashtra tangu karne ya 1 hadi karibu mwaka 400. Nani alimrithi nani tunajua kwa sehemu kubwa kutokana na sarafu zao.

Chukua moja ya Damasena uiweke chini ya kioo cha kukuzia. Upande wa mbele kuna kichwa cha mfalme, masharubu yake yakionekana wazi, ameelekea kulia. Kandokando zimebaki herufi za Kiyunani zilizovurugika. Wachongaji waliendelea kuzinakili vizazi kwa vizazi hata zikawa pambo tu. Geuza. Utaona kilima cha matao matatu, hilali juu yake, mstari wa mawimbi chini, kisha hilali nyingine na jua pembeni. Maandishi ya Brahmi, mwandiko wa kale wa India, yamezunguka yote hayo, yakieleza kwamba mwenye sarafu ni Mahakshatrapa Damasena, mwana wa Mahakshatrapa Rudrasimha.

Mwaka umejificha nyuma ya kichwa cha mfalme. Tarakimu za Brahmi za wakati ule hazikuwa na sifuri: kuna alama ya mia, alama ya hamsini, alama ya tatu, na ukizijumlisha unapata 153. Hesabu hiyo ni ya kalenda ya Saka, iliyoanza mwaka 78. Ongeza 78, nawe umefika mwaka 231 baada ya Kristo.

Tatizo ni kwamba muhuri wa kugongea ulikuwa mpana kuliko kipande chenyewe cha fedha, hivyo mara nyingi mwaka umeangukia nje. Hapo jina la baba ndilo linalookoa. Walikuwako akina Rudrasimha watatu: wa kwanza mwana wa Rudradaman, wa pili mwana wa Jivadaman, wa tatu mwana wa Satyasimha. Ukikosea baba, waweza kukosea kwa zaidi ya miaka 100. Cheo nacho kisipuuzwe, kwa sababu Kshatrapa alikuwa mdogo na Mahakshatrapa mkubwa, na mtu mmoja aweza kuonekana kwanza na cheo cha chini, miaka michache baadaye na cha juu. Kwa ushahidi wa namna hiyo Edward James Rapson aliwapanga watawala hawa katika orodha ya sarafu za British Museum iliyotoka mwaka 1908.

Kabla ya hao, katika ukoo mwingine wa Wakshatrapa, alikuwako Nahapana. Wataalamu wengi humtambua katika Periplus, mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 ulioandikwa kwa Kiyunani, ambao unataja pia Rhapta, bandari ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1906, huko Jogalthembi karibu na Nashik, zilipatikana pamoja sarafu zake zaidi ya 13,000. Zaidi ya 9,000 kati yake zilikuwa zimegongwa tena kwa alama za Gautamiputra Satakarni, mfalme wa Wasatavahana, juu ya uso wa Nahapana. Ushindi wa mfalme mmoja juu ya mwingine umeandikwa hapo kwenye fedha yenyewe. Lakini ushahidi huo una nguvu kwa sababu akiba ile ilihesabiwa ikiwa pamoja. Zingetawanyika sokoni moja moja, nani leo angejua uwiano wake?

Kwa hiyo hili linanigusa sana: mahali sarafu ilipotoka ni sehemu ya sarafu. Sheria ya India ya mwaka 1878 inataka hazina iliyofukuliwa itolewe taarifa, na ile ya 1972 inazuia vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali. Ukionyeshwa sarafu ya kale, uliza kwanza karatasi zake. Kagua ukingo, kwani sarafu bandia iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huacha mshono pembeni na vitundu vya hewa usoni. Kisha ipime kwa mizani ya sonara. Usiisugue wala kuitia tindikali, maana alama ya mwaka ikishafutika hairudi. Na kama unayo tayari nyumbani, andika leo uzito wake, ilikotoka na uliipataje, uiweke karatasi hiyo pamoja nayo.