Hasira za kabla ya hedhi si kisingizio

Katika hosteli za vyuo, binti akijibu kwa ukali kidogo tu, wenzake humalizia: "Mwacheni, yuko kwenye siku zake." Kauli hiyo ina makosa mawili. Kwanza, kwa wengi hisia huchafuka zaidi siku chache kabla ya damu kuanza, kisha hutulia muda mfupi baada ya kuanza. Pili, kauli hiyo inazima lalamiko lake hata pale lilipo la haki, kama la mwenzake wa chumba asiyeshika ufagio au mpenzi aliyeahidi kuja asitokee.

Mzunguko wa hedhi huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata, na kwa watu wazima kwa kawaida huchukua siku 21 hadi 35. Yai likishatoka, homoni ya projesteroni hupanda. Mimba isipotungwa, projesteroni na estrojeni hushuka kwa pamoja, na kushuka huko ndiko kunakoleta damu. Homoni hizi hufika pia kwenye ubongo. Estrojeni inahusiana na serotonini, kemikali inayosaidia kuweka hisia sawa. Projesteroni nayo ikimeng'enywa hutoa kemikali ambayo kwa wengi hutuliza, lakini kwa baadhi huamsha wasiwasi na hasira.

Wengi hudhani binti mwenye hasira ana homoni nyingi kupita kiasi. Sivyo. Mwaka 1998, Peter Schmidt na watafiti wenzake wa Marekani walizima kwa dawa homoni za ovari za wanawake wanaosumbuliwa na hasira na huzuni za kabla ya hedhi, na wengi wao wakapata nafuu. Waliporudishiwa estrojeni au projesteroni, dalili zikarudi. Wanawake wasio na tatizo walipewa homoni hizohizo na hisia zao hazikubadilika. Tofauti basi imo katika namna ubongo wa kila mmoja unavyozipokea. Kumwambia binti wa namna hiyo "jikaze" ni kumwonea.

Wapo wachache, asilimia 3 hadi 8 kwa makadirio yanayotajwa sana, ambao kwao hali hii huwa nzito kiasi cha kuvuruga masomo na uhusiano. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaitambua hali hiyo kuwa ugonjwa kamili, na una tiba.

Maisha ya chuo huongeza mzigo. Ni usiku wa kukesha kabla ya mtihani, bumu lililochelewa, pedi za kununua wakati hata hela ya chakula haitoshi. Juu yake kuna maumivu ya tumbo, yanayoletwa na kemikali ziitwazo prostaglandini zinazokaza misuli ya mfuko wa uzazi. Dawa kama ibuprofeni hupunguza kemikali hizo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikinywewa mapema, baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo aulize daktari kwanza.

Kwa upande wa uhusiano, daftari ni msaada mkubwa. Andika kila siku hali yako ya moyo, usingizi na ugomvi uliotokea, kwa mizunguko miwili mfululizo. Dalili zikikusanyika kabla ya hedhi na kupotea baada yake, umepata jibu, na daktari atalihitaji daftari hilo. Lakini kama neno lililokuuma kabla ya hedhi linakuuma vilevile wiki moja baada ya damu kukata, usiisingizie hedhi. Hapo shida ni uhusiano wenyewe. Na huzuni isiyokuachia mwezi mzima huenda ni sonona, inayohitaji tiba yake.

Nanyi vijana wa kiume, katikati ya ugomvi msimuulize mwenzenu kama yuko kwenye siku zake. Jibuni kwanza alichosema. Swali la afya lina wakati wake, mkiwa mmetulia, na likiulizwa kwa upendo atalijibu.

Binti unayesoma haya, kama kila mwezi unakosa vipindi, unagombana na kila aliye karibu au unawaza kujidhuru, nenda zahanati ya chuo na daftari lako. Wazo la kujidhuru lisisubiri daftari wala mwezi ujao: mwambie mtu unayemwamini akusindikize hospitali leo.