Hisabu ya Umeme Mdogo

Jioni ikiingia katika kata ya Bweri, mjini Musoma, saa ambayo taa huwashwa nyumba kwa nyumba na majiko ya koili hushika moto kutoka stendi kuu ya mabasi hadi mitaa ya ndani, si ajabu kumsikia mtu akilalama kwamba leo umeme ni mdogo. Hakukatiwa umeme mtu huyo, wala uniti zake za LUKU, mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, hazijakwisha. Taa yake inawaka, ila kwa unyonge, na pasi yake huipitisha juu ya shati mara tatu ilhali mikunjo imebaki palepale. Akiulizwa umeme umepungua kwa kadiri gani, atajibu kwa kukisia, na aghalabu atakisia pungufu ya kweli, madhali jambo lenyewe lina hila ndani yake ambayo jicho haliioni, bali hudhihirishwa na hisabu nyepesi ya kuzidisha na kugawanya.

Volti ni kipimo cha msukumo unaouendesha umeme. Ampea ni kipimo cha wingi wa mkondo upitao wayani. Na ukinzani, ambao hupimwa kwa omu, ni kadiri ambayo waya au koili huuzuia mkondo huo usipite kwa wepesi. Volti zikigawanywa kwa ampea hupatikana omu. Volti zikizidishwa kwa ampea hupatikana wati, yaani nguvu inayotumika. Basi twaa pasi iliyoandikwa wati 1,000 na volti 230, kiwango ambacho TANESCO, shirika la umeme, hukikusudia majumbani. Gawanya 1,000 kwa 230, utapata mkondo wa ampea 4.35 hivi; kisha gawanya 230 kwa 4.35, utapata ukinzani wa karibu omu 53. Omu hizo ni tabia ya koili yenyewe, nayo koili haijui kama nje ni mchana au ni magharibi.

Sasa tuseme jioni hiyo volti zimeshuka hadi 184, yaani zimepungua kwa humusi moja. Koili ni ileile ya omu 53; kwa hiyo mkondo utakuwa ampea 3.48 tu, na 184 zikizidishwa kwa 3.48 nguvu ya pasi itakuwa wati 640. Volti zimepungua kwa humusi, walakini nguvu imepungua kwa zaidi ya thuluthi! Sababu ni kwamba volti haziondoki peke yake: zishukapo huuvuta na mkondo ushuke pamoja nazo, na hasara ikahesabiwa mara mbili.

Mwenye pasi huenda akadhani kwamba LUKU inamdhulumu, akilipia moto asioupata. Sivyo. Mita huhesabu nguvu iliyotumika kwa muda uliopita, na pasi ya wati 640 haimalizi uniti moja, yaani wati 1,000 kwa muda wa saa moja, ndani ya saa moja, bali kwa saa moja na dakika 34 hivi. Hasara yake iko kwingine: pasi isiyopata moto wa kutosha hukaa sana juu ya nguo, na muda wote huo joto lake linapotea hewani bila ya kunyoosha kitu.

Kanuni ya ukinzani tuliipata kwa Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule wa Kijerumani, aliyeitangaza mwaka 1827 na kupokewa kwa ubaridi na wengi wa wanazuoni wa kwao. Mwaka 1841 Royal Society ya London ilimtunuku nishani yake ya Copley, na mwaka huohuo James Joule, Mwingereza, alieleza kwamba joto lizaliwalo wayani hufuata ukinzani ukizidishwa kwa mkondo, kisha kwa mkondo tena.

Neno hilo la Joule ndilo limpasalo fundi wa kuchomelea mageti kulizingatia kuliko mtu mwingine yeyote. Akivuta waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 kwa mita 50 kutoka kwenye mita hadi kibandani, umeme utasafiri mita 100, kwenda na kurudi, na waya huo una ukinzani wa omu 1.2 hivi. Mashine ikivuta ampea 20, volti 24 zitapotelea njiani, na wati 480 zitakuwa kazi yake ni kuupasha moto waya, na hizo LUKU inazihesabu barabara. Akiweka waya wa 2.5, hasara hushuka hadi wati 300 hivi. Sioni uwekevu katika kununua waya mwembamba.

Kwa hoja iyo hiyo, umeme ufikao Musoma kutoka Mwanza kwa njia ya Bunda husafirishwa kwa volti 132,000: kwa nguvu ileile, volti zikizidishwa mara kumi mkondo hubaki sehemu moja ya kumi, na joto lipotealo njiani hubaki sehemu moja ya mia.

Lakini hisabu hii ya pasi isipelekwe kwa kila chombo. Friji na pampu zina mota, na mota yenye mzigo, volti zinaposhuka, haipunguzi mkondo kama koili, bali aghalabu huuzidisha ili ifanye kazi yake ileile, hata nyaya zake za ndani zikapata moto na kuungua. Fauka ya hayo, mkondo wa mota hauendi sambamba na volti zake, hivyo volti zikizidishwa kwa ampea hutoa jawabu kubwa kuliko wati za kweli. Basi jioni ambayo umeme ni mdogo, pasi yaweza kuachwa ikawaka kwa unyonge wake. Friji ni afadhali kuichomoa.