Rais Aliyetoka Mtaani Kwetu

Kwa zaidi ya miaka miwili maiti ya Étienne Tshisekedi, kiongozi wa upinzani wa Kongo, ilibaki Brussels ikisubiri wakubwa wa Kinshasa waelewane. Mzee alifia katika mji huu tarehe 1 Februari 2017, mwezi mmoja tu baada ya upinzani na serikali kutia saini makubaliano yaliyompa Rais Joseph Kabila mwaka mmoja zaidi wa kuandaa uchaguzi. Azikwe wapi, nani apokee jeneza, mazishi yasije yakageuka maandamano: kila mara lilizuka jambo. Alirudishwa nyumbani tarehe 30 Mei 2019, wakati mwanawe Félix ameshakaa Ikulu miezi minne. Muda wote huo sisi Wakongomani wa hapa tuliishi na matanga yasiyoanuliwa.

Naanzia kwenye jeneza hilo kwa sababu bila hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini Félix ametuvunja mioyo kiasi hiki. Brussels haijawahi kutazama siasa ya Kongo kutoka mbali. Meza ya Duara ya Januari 1960 ilikaa hapa. Patrice Lumumba alitolewa gerezani akaja kuungana na wenzake, na hapa ndipo ilipokubaliwa kwamba uhuru utakuwa tarehe 30 Juni. Enzi ya Mobutu, waliokimbia walikimbilia hapa. UDPS, chama cha mzee, kilichozaliwa Februari 1982 baada ya wabunge 13 kuthubutu kumwandikia Mobutu barua ya wazi, kilipata huku watu wa kukilisha na kukisemea. Na mtaa wa Matonge, pale Ixelles nyuma ya Porte de Namur, uliobeba jina la mtaa wa Kinshasa, ukawa bunge lisilo na spika. Kwenye saluni za Galerie d'Ixelles na maduka ya Chaussée de Wavre yanayouza sombe, makayabu na ndizi, Kilingala kinasikika kuliko Kiswahili chetu cha Kivu na Katanga. Lakini siasa ikianza, kila mtu ana la kusema na hakuna anayeulizwa kabila.

Félix Tshisekedi alikomaa katika maneno hayo. Alifika Ubelgiji katikati ya miaka ya 1980, kijana ambaye baba yake alikuwa akipelekwa jela na kufungiwa kijijini kwa zamu. Akaishi huku miaka mingi, mwanachama kati ya wanachama, mtu wa kukutana naye kwenye misiba na mikutano. Alipoapishwa tarehe 24 Januari 2019, wafuasi wa UDPS walishangilia kama watu waliotoka utumwani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uhuru kwa rais wetu kumkabidhi mwenzake madaraka bila damu. Na kwetu kulikuwa na jambo la ziada: kila ubaya wa nchi tulikuwa tumeupa jina la wale walioko kule. Mobutu, kisha Kabila baba, kisha Kabila mwana. Sasa aliyekaa kwenye kiti alikuwa mtu wa hapa, aliyepanda tramu zetu na kuijua baridi yetu.

Ndiyo maana wengi walinyamaza kuhusu namna alivyokipata kiti hicho. Tume ya uchaguzi ilimpa asilimia 38.57, Martin Fayulu 34.83. Maaskofu Katoliki, waliokuwa na waangalizi wapatao 40,000 vituoni, walisema matokeo hayo hayalingani na waliyoyaona. Takwimu zilizovuja, zikachambuliwa na gazeti la Financial Times, zilimwonyesha Fayulu akiwa mbele kwa mbali sana. Vyote hivyo vilijulikana Matonge wiki ile ile. Jibu lililozunguka lilikuwa kwamba Kabila anaondoka, watu hawajafa, tuanze na hicho tulichopata.

Sisi wa Kivu tulikuwa na donge letu. Watu zaidi ya milioni moja wa Beni na Butembo kwetu Kivu, na wa Yumbi magharibi mwa nchi, walizuiwa kupiga kura siku ya uchaguzi, 30 Desemba 2018, na kwa Beni na Butembo sababu iliyotolewa ilikuwa Ebola na usalama. Wakaambiwa watapiga kura Machi, rais akiwa ameshaapishwa. Watu wa Beni hawakukubali kukaa nyumbani. Walipanga mistari, wakaandaa karatasi na masanduku yao wenyewe, wakanawa mikono kama masharti ya Ebola yalivyotaka, wakapiga kura ambazo hakuna aliyekusudia kuzihesabu. Sijui tendo lingine la uraia katika historia yetu ya karibuni linalonipa heshima kubwa zaidi kwa watu wa nyumbani. Nchi iliyowatazama kisha ikaendelea na sherehe ilikuwa tayari imeshaonyesha inaelekea wapi.

Sitaki kusema hakuna kilichofanyika. Septemba 2019 ada za shule za msingi za serikali zilifutwa, na watoto wakamiminika madarasani hata madawati yakakosekana. Kwa mama aliyekuwa akiuza ndagala ili alipe ada, hilo si jambo dogo. Lakini Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, magavana wakawa majenerali na mameya wakawa maofisa wa polisi. Tuliambiwa ni hatua ya muda mfupi ya kurudisha amani. Siku 30 zikaongezwa tena na tena, miaka ikapita, na waasi wa M23 wakazidi kupanuka chini ya pua ya utawala huo huo.

Kisha Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais alitangaza kwamba ataunda tume ya kutafakari katiba mpya. Hapo ndipo nilipoona watu wazima wakishika vichwa. Kifungu cha 220 cha katiba ya 2006 kinakataza kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais. Kwa ajili ya kifungu hicho watu waliuawa Kinshasa Januari 2015, na waliuawa tena Desemba 2016 muhula wa Kabila ulipokwisha naye akakataa kuondoka. Kwa ajili ya kifungu hicho wapambanaji wa diaspora, wale combattants, waliandamana hapa kwenye baridi mwaka baada ya mwaka. Leo viongozi wa chama cha marehemu mzee ndio wanaozunguka kuwaeleza wananchi kwamba katiba hii ililetwa na wageni na haifai. Hoja ni zile zile walizozitoa watu wa Kabila. Nilizisikia nikiwa upande wa waliozikataa, na waliokuwa wakizikataa pamoja nami baadhi yao sasa wanazisema.

Goma ikaanguka mwisho wa Januari 2025. Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, na ninachokumbuka kutoka siku zile ni simu. Benki zilifungwa, viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu, ule wa Bukavu, vikasimama, fedha taslimu zikaadimika. Aliyezoea kumtumia mama yake pesa kwa benki akajifunza kuzipitisha kwenye simu, kidogo kidogo, na kule mtu anakatwa sehemu yake ili tu apewe noti mkononi. Siku chache kabla mji haujaanguka, mahakama ya kijeshi ya Bukavu ilikuwa ikisikiliza kesi za makumi ya askari wa jeshi letu wenyewe, walioshtakiwa kwa mauaji, ubakaji na uporaji dhidi ya watu waliotumwa kuwalinda.

Tuliandamana tena mbele ya majengo ya Umoja wa Ulaya. Mwaka mmoja kabla, Februari 2024, Umoja huo ulikuwa umetia saini na Rwanda hati ya maelewano kuhusu madini, huku wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakiwa wameshaeleza kwamba askari wa Rwanda wako vitani pamoja na M23. Februari 2025 Bunge la Ulaya likataka hati hiyo isimamishwe. Machi Umoja huo ukatangaza vikwazo, na Rwanda ikavunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji. Hasira yetu kwa Rwanda ni ya haki na sitaipunguza hata kidogo. Ila imekuwa pia kichaka. Ukiuliza mishahara ya askari ilienda wapi, unaulizwa kama umenunuliwa na Kigali.

Tunajua kudai hesabu, tukitaka. Mwaka 2018 mji huu ulimpa Lumumba uwanja wenye jina lake mlangoni mwa Matonge, baada ya miaka ya kudai. Juni 2022 jino lake, sehemu pekee ya mwili wake iliyosalia, lilikabidhiwa kwa watoto wake hapa Brussels. Wazee wetu hawakuchoka kumdai Mbelgiji. Kumdai ndugu tuliyekula naye kumekuwa kazi ngumu zaidi.

Na tungemdai kwa sauti ipi? Kifungu cha 10 cha katiba kinasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Aliyechukua uraia wa Ubelgiji ili apate kazi nzuri au asafiri bila kusumbuliwa amekuwa mgeni kwa sheria ya nchi yake. Kwenda kuzika mzazi anaomba viza. Mwaka 2007 ilipogundulika kwamba wabunge kadhaa wana pasi mbili, bunge liliwapa muda wa kujirekebisha. Mtu wa kawaida hakupewa. Waliobaki na uraia wa Kongo walilipa dola 185 kwa pasipoti, katika mkataba wa mwaka 2015 na kampuni yenye makao hapa hapa Brussels, ambao sehemu kubwa ya fedha zake haikuingia hazina ya taifa. Félix Tshisekedi aliahidi kulishughulikia suala la uraia, na alijua uzito wake kwa sababu ameishi kati ya watu linalowaumiza. Kifungu bado kipo.

Desemba 2023 Wakongomani wa ugenini walipiga kura kwa mara ya kwanza, katika nchi tano, Ubelgiji ikiwemo. Walioandikishwa walikuwa takriban 13,000 kati ya wapiga kura wapatao milioni 44. Rais alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 73. Safari hiyo Masisi na sehemu kubwa ya Rutshuru ndizo zilizokosa kura, kwa sababu ya vita.

Sasa nyumbani wanabishana juu ya katiba mpya, na Brussels tunabishana juu ya mabishano yao. Desemba 2025 mkataba wa amani ulitiwa saini Washington na marais wa Kongo na Rwanda, na siku chache baadaye M23 wakaingia Uvira. Uchaguzi ujao, kwa katiba hii, ni mwishoni mwa 2028. Kinshasa inauliza ni nani atakayeruhusiwa kugombea. Huko Rutshuru, Masisi na Beni watu wanauliza kama safari hii sanduku litafika.