Chanjo ya Bei Nafuu, Ghala Tupu

Januari 2009, masika yakiwa bado hayajaingia, wahudumu wa afya walipanga meza zao katika shehia kadhaa za Unguja na Pemba, Chumbuni na Mwambe zikiwamo, wakawaita wakazi waje wanywe chanjo ya kipindupindu. Kwa aliyetazama kwa mbali ilikuwa kazi nyepesi: hakuna sindano, hakuna mtoto wa kushikiliwa. Aliyesogea karibu aliona mengine. Chanjo yenyewe, Dukoral, hainywewi hivi hivi. Kwanza huchanwa pakiti ya unga wa kutuliza tindikali ya tumbo, ukakorogwa katika mililita 150 za maji safi, ndipo kichupa kikamiminwa humo. Mtoto aliye chini ya miaka sita humwagiwa nusu ya maji hayo kabla ya kuchanganyiwa chanjo. Baada ya siku kadhaa mtu huyo huyo sharti arudi kunywa dozi ya pili, na meza, maji, vikombe na daftari la majina viwepo tena.

Hadi katikati ya Februari, kati ya wakazi 48,178 wa maeneo hayo, waliomaliza dozi zote mbili walikuwa 23,921. Ni nusu tu, lakini nusu hiyo ilitosha kufundisha jambo. Mlipuko ulipokuja baadaye mwaka huo, watafiti walifuatilia nani kaugua na nani kapona na balaa, wakakuta chanjo imewakinga walioinywa kwa asilimia 79. Hata wasioinywa walinufaika pale ambapo majirani zao wengi walikuwa wameinywa, kwa kuwa vimelea vilikosa njia ya kupita.

Kwa tabibu, habari ingeishia hapo, tena ni habari njema. Wachumi wa afya walikuwa na swali la ziada: imegharimu kiasi gani, na je, fedha hizo zingefanya kazi kubwa zaidi mahali pengine?

Hesabu ya aina hii ina pande mbili. Upande wa matumizi huandikwa kila kitu: bei ya chanjo, usafirishaji hadi kisiwani, majokofu, posho za wahudumu, matangazo, hata siku ya kazi aliyoikosa mtu aliyesimama kwenye foleni. Upande wa pili huandikwa kilichookolewa: dripu na vitanda ambavyo havikuhitajika, nauli ya mgonjwa na ya anayemuuguza, kipato cha mvuvi au mchuuzi ambacho hakikupotea, na juu ya yote miaka ya maisha yenye afya. Kisha hutazamwa kila mwaka mmoja wa afya umenunuliwa kwa shilingi ngapi. Kipimo kilichotumika sana zama hizo, cha Shirika la Afya Duniani, kilisema gharama isizidi mara tatu ya pato la mtu mmoja kwa mwaka katika nchi husika.

Zanzibar haikupita katika kipimo hicho. Chanjo ilihesabiwa kwa bei ya dola 10 kwa dozi, na kumkinga mtu mmoja kikamilifu kuligharimu takriban dola 30 ukijumlisha na mengine yote. Ili kampeni ilipe, walikadiria watafiti katika ripoti yao ya 2012, bei ya dozi ingebidi ishuke hadi dola moja na senti kidogo, hata baada ya kuhesabu kinga waliyoipata majirani. Sababu si kwamba kipindupindu ni ugonjwa mdogo. Ni kwamba hauji kila mwaka, haufiki kila mtaa, na anayewahi kupata maji ya chumvi na sukari mara nyingi hupona. Unachanja maelfu ili kuwaokoa wachache usiowajua mapema, kwa hiyo kila senti ya dozi huzidishwa na idadi kubwa.

Bei kweli ikashuka. Vietnam ilikwisha kutengeneza chanjo yake ya kunywa kwa gharama ndogo tangu miaka ya nyuma. Taasisi ya Kimataifa ya Chanjo iliyoko Seoul ikaiboresha, ikaikabidhi teknolojia hiyo kwa kampuni ya Shantha ya Hyderabad, India. Ikazaliwa Shanchol: mililita moja na nusu, hainywewi na unga wala maji, inafaa kuanzia mtoto wa mwaka mmoja. Shirika la Afya Duniani liliiidhinisha 2011, na bei yake ya manunuzi ya pamoja ikawa dola 1.85. EuBiologics ya Korea Kusini ikafuata na Euvichol mwishoni mwa 2015, kisha 2017 ikaachana na kichupa cha kioo na kuleta kibomba cha plastiki, chepesi kubeba na rahisi kukamulia mdomoni. Mwaka 2013 ilikwisha kuanzishwa akiba ya dunia ya chanjo hiyo, kwa dozi milioni 2, ili nchi yoyote ikipata mlipuko isianze kutafuta muuzaji.

Hadi hapo bei ilikuwa ikielekea kule hesabu ya Zanzibar ilikotaka, ingawa haijafika. Lililofuata halikuwamo katika hesabu.

Mteja mkubwa wa chanjo hii ni mmoja: UNICEF, ikinunua kwa fedha za muungano wa chanjo wa Gavi kwa ajili ya nchi maskini. Soko la watalii lipo, ila ni la bidhaa ghali na idadi ndogo. Mteja mmoja anayesukuma bei ishuke ni faraja kwa bajeti ya afya, lakini kwa kiwanda ni mambo mawili kwa pamoja: faida kiduchu, na mahitaji yanayopanda na kushuka kwa kufuata mvua, vita na mafuriko. Mishahara ya mafundi na ukaguzi wa ubora havisubiri mlipuko. Sanofi, iliyokuwa imeinunua Shantha, ilipiga hesabu zake ikatangaza kuacha kutengeneza Shanchol, na 2023 ikatoka kabisa. Dunia nzima ikabaki ikiitegemea EuBiologics peke yake kwa akiba ya dharura.

Isingeweza kutokea wakati mbaya zaidi. Malawi ilikuwa ndani ya mlipuko mbaya kuliko wote katika historia yake, ulioanza Machi 2022 na kuwapata watu zaidi ya 58,000 huku ukiua zaidi ya 1,700. Oktoba mwaka huo kipindupindu kikarudi Haiti. Ndani ya mwezi huo huo, kamati ya kimataifa inayogawa akiba ilichukua uamuzi ambao haikuwahi kuuchukua: kila mtu apewe dozi moja badala ya mbili, ili zilizopo zifikie wengi.

Uamuzi huo haukuwa wa kubahatisha. Juba, Sudan Kusini, mwaka 2015, dozi moja ilionekana kukinga kwa asilimia 87 katika miezi miwili ya mwanzo. Jaribio la Dhaka, Bangladesh, lilitoa picha yenye tahadhari zaidi: kwa miezi sita dozi moja ilipunguza kipindupindu kikali kwa asilimia 63, ila watoto wa chini ya miaka mitano hawakupata kinga ya kuaminika. Kwa kuzima moto wa miezi michache, dozi moja inatosha. Kinga ya miaka mitatu, ambayo ndiyo hutarajiwa kwa dozi mbili, huwezi kuidai kwake.

Hata kwa mgawo huo wa nusu, chanjo haikutosha. Kati ya Januari 2023 na Januari 2024 nchi 14 ziliomba dozi milioni 76. Zilizopatikana zilikuwa milioni 38. Zambia, ambako Lusaka iliugeuza Uwanja wa Heroes kuwa kituo kikubwa cha matibabu mwanzoni mwa 2024, ilichanja kwa dozi moja. Akiba iliyotakiwa isipungue dozi milioni 5 ikafika siku ambazo haina hata moja: kilichotoka kiwandani kilikuwa kimekwisha kugawiwa kabla hakijafungwa kwenye maboksi.

Ulioumia kimya kimya ni mpango wa kinga ya mapema. Kampeni za kuchanja kabla ya mlipuko, kwenye mitaa inayojulikana kuwa hupigwa kila mara, zilisimamishwa ili dharura zihudumiwe. Kampeni ya Chumbuni na Mwambe ilikuwa ya aina hiyo hasa: watu walikunywa chanjo kabla ya masika, ugonjwa ukawakuta na kinga mwilini. Chanjo ya dharura huombwa ugonjwa ukiwa umeshathibitishwa maabara, ikajadiliwa, ikasafirishwa kwa ndege, ikashushwa wilayani. Mara nyingine inafika mtaani wimbi kubwa limekwisha kupita. Dozi ile ile, kwa bei ile ile, inaokoa watu wachache zaidi.

Hapo ndipo hesabu za gharama zinapohitaji safu moja zaidi. Utafiti wa Zanzibar, kama tafiti nyingi za aina yake, ulichukua bei kuwa kitu kinachoshushwa tu na ukadhani chanjo ipo dukani wakati wote. Haukuulizwa, wala haikuwa kazi yake kujibu, nani atalipia mashine za kiwanda cha pili miaka ambayo hakuna mlipuko. Zimamoto hailipwi kwa idadi ya nyumba zilizoungua. Kiwanda cha chanjo ya mlipuko, hadi sasa, kinalipwa karibu hivyo.

Marekebisho yameanza, kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya maabara: Aprili 2024 iliidhinishwa Euvichol-S, toleo lenye viambato vichache zaidi, ambalo kiwanda kile kile hulitoa kwa wingi na haraka zaidi. Ya pili ni ya fedha. Juni 2024, jijini Paris, Gavi ilizindua mfuko wa hadi dola bilioni 1.2 kwa miaka kumi wa kuwavuta watengenezaji wa Afrika, na kipindupindu ni miongoni mwa magonjwa yaliyopewa kipaumbele. Biovac ya Afrika Kusini ni mmoja wa waliokwisha kupokea teknolojia kutoka taasisi ile ya Seoul.

Mfuko huo una masharti yanayostahili kusomwa kwa makini. Mtengenezaji hulipwa bonasi mara chanjo yake inapoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, kisha nyongeza juu ya bei pale anaposhinda zabuni ya UNICEF. Kwa hiyo atasaidiwa kuvuka miaka ya mwanzo ambayo dozi yake ni ghali kuliko ya Korea. Nyongeza ikikoma, atarudi kwenye soko lile lile lenye mteja mmoja, na wizara za afya, zikiwamo za Dodoma na Nairobi, zitatakiwa kusema kama ziko tayari kununua chanjo iliyozidi bei kwa senti kadhaa ili kuwe na kiwanda zaidi ya kimoja. Zanzibar ina sababu yake ya kuulizwa pia: mpango wake wa kutokomeza kipindupindu umewekewa ukomo wa 2027, na ingawa sehemu kubwa ya kazi hiyo ni mabomba, visima na vyoo, chanjo ndiyo inayotegemewa kushikilia ngome wakati mitaro bado inachimbwa.