Mbwa akijikuna, tusikimbilie kinini cha farmasi

Kisha kuongea mahindi na mihogo, mara nyingi wanachama wa koperative hapa Kasomeno wanatuuliza: "Imbwa yangu iko najikuna sana. Ninunue kinini gani ku farmasi?" Ulizo hili si dogo. Mbwa ndiye analinda mbuzi na ghala usiku, na kinini kibaya kinaweza kumuua.

Kwanza tujue: mbwa mwenye kujikuna si lazima awe na alerji. Huku kwetu tuanze kwa kutafuta wadudu.

Viroboto: Chana manyoya karibu na mkia, juu ya kitambaa cheupe chenye maji. Vumbi jeusi likigeuka jekundu, ni mavi ya viroboto, yaani damu waliyonyonya.

Upele: Angalia ncha za masikio, viwiko na tumbo. Kama manyoya yanatoka, ngozi inakuwa na magaga, na watu wa nyumbani nao wanaanza kujikuna, huenda ni upele. Kinini cha alerji hakiuponyeshi. Veterineri ndiye anatoa dawa yake, kufuatana na kilo za mbwa.

Kama hakuna wadudu, setirizini inaweza kusaidia, hata kama si kwa mbwa wote. Kipimo cha kawaida ni miligramu 1 kwa kila kilo, mara 1 kwa siku. Mbwa wa kilo 10 anapata kinini 1 cha miligramu 10. Usikisie uzito: mbebe, panda naye kwenye mizani, kisha toa kilo zako. Kwa mtoto wa mbwa, mwenye mimba au mgonjwa wa figo, uliza veterineri kwanza.

Vitu hivi tuviache kabisa:
- setirizini iliyochanganywa na dawa ya mafua (soma karatasi: ukiona pseudoefedrini, rudisha);
- ibuprofeni, diklofenaki na parasetamoli;
- dawa ya kupulizia mashamba na mafuta machafu ya motere. Mbwa anajilamba, na watoto wanamshika.

Tena, nyuki akimuuma mbwa, uso ukavimba na pumzi ikawa ngumu, tusingojee kinini kifanye kazi. Tumpeleke kwa veterineri saa ile ile.

Basi, tukague ngozi kwanza, ndipo tutoe franga.