Unauza kiungo cha tela mtandaoni? Muulize mteja haya matano kabla hujapokea hela

Leo tunaongea na mnaouza vifaa vya magari mtandaoni, hasa mlioko Marekani na Kanada. Kuna kifaa kimoja kina bei nzuri, ila kinarudishwa sana: kiungo cha tela kinachofungwa ndani ya bodi ya pikapu. Wenyewe Wamarekani wanakiita "gurudumu la tano".

Umeshaona kichwa cha semi kinavyobeba tela mgongoni? Hiki ni mdogo wake. Tela haivutwi kwa mpira wa nyuma ya bampa, inakaa juu ya ekseli ya nyuma na kuilalia. Ndiyo maana huwezi kumuuzia mtu kama unavyouza kava za siti. Kikikosea gari, wewe unapoteza hela ya usafirishaji. Kikifungwa vibaya, tela inachomoka barabarani na watu wanakufa.

Kwa hiyo mteja akiuliza "bado ipo?", na wewe uliza:

1. Bodi ya gari lako ina urefu gani?
Bodi ya futi 8 kwa kawaida haina shida. Ikiwa ni futi 5 na nusu au 6 na nusu, ukikata kona kali pembe ya tela inaweza kugonga kabini na kuvunja kioo cha nyuma. Mwenye bodi fupi mara nyingi anahitaji aina inayoteleza kurudi nyuma wakati wa kukata kona.

2. Sakafu ya bodi ikoje? Nitumie picha.
Baadhi ya pikapu kubwa zinatoka kiwandani na matundu maalumu, kiungo kinadumbukizwa na kufungwa. Nyingine zinahitaji reli mbili zinazofungwa kwa bolti hadi kwenye chesisi. Miguu ya aina moja haiingii kwa nyingine bila kipande cha kuunganishia. Picha moja inakuokoa.

3. Karatasi ya mlango wa dereva inasema gari libebe kilo au paundi ngapi?
Hapa ndipo wengi wanapokwama. Tangazo la gari linasema linavuta paundi 11,000, mteja anafurahi. Lakini tela ya aina hii hulalia gari kwa asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake. Piga hesabu: tela ya paundi 9,000, asilimia 20 ni 1,800. Ongeza kiungo chenyewe 150 na watu wanne 600, jumla 2,550. Karatasi ikisema 1,700, gari halitoshi, hata kama lina nguvu ya kuvuta.

4. Tela yako ina pini au inakaa juu ya mpira?
Kuna tela zenye pini nene ya inchi 2 inayoshuka kwenye taya za kiungo. Kuna nyingine zenye shingo ndefu zinazokaa juu ya mpira uliofungwa katikati ya bodi. Zinafanana kwa mbali, ila hazibadilishani.

5. Nani atakufungia?
Akisema "nitatoboa mwenyewe", mwambie achungulie chini ya bodi kwanza. Huko kuna tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya. Kiungo kikae juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Kikikaa nyuma yake, gari linakuwa jepesi mbele na usukani haushiki. Bolti zishike chesisi, sio bati la bodi peke yake, na zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa na kiwanda.

Ukiuza cha mtumba, angalia nyufa, mahali palipochomelewa na bolti zilizopungua. Kama kibao cha uzito kimetoka na hujui kinabeba kiasi gani, usikiuze cha kuvutia. Kipeleke kwenye chuma chakavu.

Na kila mzigo uandikie kikaratasi hiki: "Ukishaunganisha, chungulia kwa tochi uone taya zimefunga nyuma ya pini. Miguu ya tela ikiwa bado chini, funga breki za tela, kisha sogeza gari mbele taratibu. Ikishika, ndipo upandishe miguu." Pini ikikaa juu ya taya badala ya ndani yake, kwa macho ya haraka inaonekana imeingia.

Na mnaoagizia wateja wa nyumbani: mwenye Hilux Dar au Nairobi akitaka "kiungo cha tela", mara nyingi anamaanisha mpira wa nyuma, sio hiki. Uliza ukubwa. Huko wa milimita 50 ndio wa kawaida. Ukimletea wa Marekani wa inchi 1 na 7/8, huo ni milimita 47.6. Utaingia vizuri, halafu kwenye tuta la kwanza tela inaruka.

Maswali haya yanachukua dakika tano. Utapoteza wateja wachache wasiotaka kujibu, na hao ndio ambao wangerudisha mzigo. Nakili maswali uyaweke tayari kwenye simu yako, na mtumie mwenzako anayeuza spea.